Sophie Germain kwa bati, chumvi na upinde: maandalizi ya vipindi viwili vya klabu ya hisabati

Mwalimu mlezi wa klabu akitaka kufundisha habari za Sophie Germain, mwanahisabati wa Kifaransa, mara nyingi huanza na mwaka wa kuzaliwa, hufuata na shida alizopata, kisha kifo. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, na hakuna aliyejua mama huyu alikuwa anahesabu nini. Anza na kitu mezani. Kwake kilikuwa bati linalolia likipitishiwa upinde kama wa fidla, na chumvi au mchanga juu yake ukijipanga mistari wenyewe. Kitu hicho kinatengenezeka Mbeya au Iringa bila umeme wala vifaa vya maabara. Kipindi cha kwanza ni cha bati na hadithi ya tuzo. Cha pili ni cha namba tasa. Kila kimoja kinataka dakika 80. Maandalizi yanachukua wiki moja, hasa kwa sababu ya utomvu na nywele za upinde.

Bati

Nenda kwa mafundi wa shiti, mfano wale wa Sido Mwanjelwa, Mbeya, uombe vipande viwili vya chuma bapa vya unene wa milimita 1.5: kimoja sentimita 24 kwa 24, kingine 12 kwa 12. Vitoke kwenye shiti moja, maana baadaye utavilinganisha. Bati la kuezekea halifai hata likinyooshwa. Ni jembamba mno na migongo yake haiishi. Alumini ya unene huohuo inafaa vilevile, na sauti yake haitofautiani sana na ya chuma, kwa kuwa wepesi wake unakwenda sambamba na ulaini wake.

Mwambie fundi akate kwa mashine ya kukatia shiti. Mkasi wa bati unakunja kingo, na fundi akishaona kingo zimekunjika atazigonga nyundo zinyooke. Hapo ndipo kazi inapoharibika: bati lililogongwa linabaki na mvutano ndani yake ambao macho hayauoni, na michoro inatoka upande mmoja tu. Pima ubapa kwa kulaza rula ya chuma kutoka pembe hadi pembe. Mwanga ukipenya kwa zaidi ya nusu milimita, omba kipande kingine.

Chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Inapokutana ndipo katikati; piga alama kwa msumari ili kekee isiteleze, kisha toboa milimita 6.5 kwa bolti ya M6. Tundu likihama milimita 2 tu, mchoro utaonyesha. Laini kingo zote kwa tupa halafu msasa, mpaka uzi wa pamba upite bila kukwama. Ukiacha makali, nywele za upinde zitakatika katika dakika kumi za mwanzo.

Paka upande wa juu rangi nyeusi ya ubao, mkono mmoja mwembamba, ili chumvi nyeupe ionekane hadi dawati la nyuma. Mikono mitatu ya rangi inalifanya bati kuwa bubu.

Kwa kulisimamisha, tumia gogo la mbao ngumu la sentimita 10 kwa 10, urefu 20, lililobanwa kwenye jiliwa au kwa klampu kwenye meza nzito. Bolti isimame juu ya gogo. Panga hivi kutoka chini: nati, washa ndogo ya kipenyo cha milimita 18, duara la mpira wa tyubu ya pikipiki la kipenyo hichohicho, bati, mpira tena, washa, nati. Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Washa kubwa ya sentimita 4 inaonekana imara, lakini inalibana bati pasipotakiwa na sauti inakufa.

Upinde na utomvu

Aliye na upinde wa fidla aruke sehemu hii. Wengine tumieni umbo la upinde wa zeze kama wanavyoutengeneza Wagogo: fimbo inayopindika ya sentimita 50, na nywele zilizofungwa ncha hadi ncha. Nywele za mkia wa ng'ombe zinapatikana machinjioni. Chagua zenye urefu wa sentimita 40 au zaidi. Unahitaji kati ya 100 na 150. Zioshe mara mbili kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, suuza, anika kivulini. Usiruke kuosha: mafuta ya mkia yakibaki, utomvu haushiki, na upinde usioshika hauna tofauti na kitambaa. Funga kila mwisho kwa uzi, dondoshea supaglu kwenye fundo, kisha funga kwenye fimbo. Ukibonyeza nywele katikati kwa kidole zishuke kama sentimita 1. Zikishuka 3, zimelegea.

Mshipi wa nailoni wa kuvulia unapendwa kwa sababu unauzwa kila mahali, lakini ni laini mno. Ukilazimika, upitishe kwenye msasa laini kwanza.

Sasa utomvu. Nyanda za juu kusini tuna bahati: misonobari ya Sao Hill, Mufindi, hugemwa utomvu, na gramu 100 zinatosha klabu kwa miaka. Omba kwa wanaogema kwa kibali. Usichanje mti wa shamba la serikali kwa panga lako. Utomvu mbichi una tapentaini inayounata, na ukiupaka hivyo nywele zitagandamana kama zimemwagiwa asali. Kazi ni kuitoa tapentaini.

Weka gramu 100 na maji nusu lita kwenye kopo kuukuu, chemsha nje ya nyumba juu ya jiko la mkaa, moto mdogo, kwa dakika 45 hivi, ukiongeza maji yanapopungua. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hiyo inatosha, mvuke unaondoka na tapentaini. Usiukaange bila maji, na mwanafunzi asiinamie kopo: mvuke huo unashika moto haraka. Kifuniko na ndoo ya mchanga viwe karibu. Kujua kama umeiva, dondosha tone kwenye maji baridi. Likikatika kwa kulia kama kashata, tayari. Likivutika kama bazoka, endelea. Chuja ungali moto kwenye wavu wa chai usioupenda, mimina kwenye kifuniko cha chupa, uache usiku kucha.

Mara ya kwanza ponda kidogo uwe unga, upake kwenye nywele kwa vidole, kisha sugua kwa kipande kizima mara thelathini au arobaini. Siku nyingine mara tano zinatosha.

Chumvi au mchanga

Kijiko kimoja cha chai kwa bati kubwa. Chumvi laini ya mezani ni nzuri Iringa wakati wa kiangazi; Tukuyu, ambako mvua haijui kupumzika, inanyonya unyevu na kugandamana kabla hujamaliza kusalimia darasa. Ikaange kavu dakika kumi, au tumia mchanga mkavu wa mtoni uliochujwa mara mbili kwa chujio la chai. Unga wa sembe au wa ngano usiutumie kwanza. Vumbi laini linabebwa na upepo mdogo unaozunguka juu ya bati, kwa hiyo linakwenda panapotikisika zaidi, kinyume kabisa cha mchanga. Michael Faraday alilieleza jambo hilo mwaka 1831. Ni jaribio zuri la wiki nyingine, ila wiki hii litawachanganya.

Kulifanya lilie

Bati liwe sawa kama maji yaliyotulia. Gololi ikiwekwa juu isikimbie. Nyunyiza chumvi kutoka sentimita 30 juu ili itawanyike.

Mwanafunzi mmoja aguse ukingo katikati ya upande mmoja, kwa ncha ya kidole, kidogo tu. Mwingine apitishe upinde karibu na pembe, wima, kutoka juu kwenda chini, nywele zikiegemea ukingo. Polepole na kwa uzito. Mara ya nne au ya tano bati litatoa mlio mzito na chumvi itaruka, ikimbie, ijipange msalaba unaopita katikati za pande nne. Pale ilipotulia ndipo bati halitikisiki. Sasa badilisheni: kidole kwenye pembe, upinde katikati ya upande. Msalaba unageuka, unapita pembe hadi pembe, na mlio unapanda. Baada ya hapo waachie wasogeze kidole nusu sentimita kila mara. Michoro yenye mikunjo huja na milio ya juu, na kila kundi litapata wake.

Yanayokwama ni machache. Upinde ukiteleza kimya, utomvu haujashika, au unapitisha mahali ambapo bati lenyewe linataka kutulia. Ukipiga kelele za kukwaruza, mkono una haraka. Chumvi yote ikihamia upande mmoja, meza imeinama. Mtetemo wa pembeni kama wa debe bovu ni nati iliyolegea. Na wapo watakaotaka kutumia plastiki iliyovutwa juu ya bakuli na spika chini yake, kama kwenye video. Inapendeza, lakini hiyo ni ngoma: inalia kwa sababu imevutwa. Bati linalia kwa ugumu wake lenyewe, na hesabu za ngoma hazilitoshi. Tatizo la Germain lilikuwa hilo la pili.

Vipimo viwili vifanyike hapohapo. Programu ya simu iitwayo phyphox ni ya bure na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Fungua kipimo cha spektra ya sauti. Gusa katikati ya upande, gonga pembe kwa kifutio cha penseli, soma mlio wa chini kabisa ulio wazi. Bati la sentimita 24 litatoa karibu hezi 85. Kati ya 80 na 95 usilalamike. Kabla ya kufunga bati dogo, kila mmoja aandike kwenye daftari anachotarajia. Wengi wataandika 170, maana upande umepungua nusu. Litatoa karibu 340. Mlio unafuata unene ukigawanywa kwa upande mara upande, kwa hiyo nusu ya upande ni mara nne ya mlio. Ukipata 320 au 365 ilhali bati kubwa lilitoa 85, tafuta unene usiolingana au washa inayobana sehemu kubwa ya bati dogo. Usiwape jibu kabla hawajaandika makisio. Hilo kosa la 170 ndilo linalowafungua masikio kwa sehemu inayofuata.

Mkunjo, na miaka saba ya tuzo

Sasa wanafunzi wana swali: hesabu gani inasema chumvi itatulia wapi? Ndilo swali lililokuwa Paris. Ernst Chladni, Mjerumani, alichapisha michoro hii mwaka 1787, na mwaka 1808 akaenda kuionyesha Paris. Napoleon mwenyewe aliitazama. Taasisi ya Ufaransa ikatangaza tuzo, medali ya dhahabu ya kilo moja, kwa atakayetoa nadharia ya hisabati ya mabati hayo. Wanahisabati wakubwa walikaa mbali. Ilipofika mwisho wa muda mwaka 1811, insha ilikuwa moja tu, isiyo na jina la mwandishi. Ilikuwa ya Germain.

Wazo lake linafundishika kwa kopo na mpira. Chukua kopo lenye kipenyo cha sentimita 11. Ukizunguka kopo, nusu kipenyo ni 5.5, kwa hiyo mkunjo ni 1 gawanya kwa 5.5, yaani 0.18. Ukishuka wima hakuna mkunjo, ni sifuri. Jumla 0.18. Chukua mpira wa miguu namba 5. Nusu kipenyo chake ni kama sentimita 11. Mkunjo ni 0.09 upande huu na 0.09 upande ule. Jumla ni ileile 0.18. Germain alidai kwamba nguvu ya bati ya kutaka kunyooka inafuata jumla hii ya mikunjo miwili. Wape wanafunzi vitu vingine wapime: sufuria, chupa, bomba. Wakosee kwanza kwa kusahau kugawanya kipenyo cha kopo kwa mbili, ndipo uwaulize kwa nini kopo limekuwa legevu kuliko mpira.

Wazo lilikuwa zuri, hesabu ya kulitoa wazo hadi mlinganyo ikawa na makosa. Hakuwa amekaa darasani akafundishwa. Lagrange, mmoja wa waamuzi, alirekebisha mlinganyo, na tuzo haikutolewa. Muda ukaongezwa miaka miwili. Mwaka 1813 alituma tena, akapewa pongezi bila medali. Mara ya tatu, insha ya 1815, ilishinda, na tuzo ikatangazwa Januari 1816 akiwa na miaka 39. Hakwenda kwenye sherehe. Mwaka 1821 alichapisha kazi hiyo kwa gharama yake.

Kama una wanafunzi wa Kidato cha Tano au cha Sita, usiishie hapo. Wakumbushe msalaba wao wa kwanza. Bati likitoa msalaba ule, pembe mbili zinazokabiliana zinapanda na mbili zinashuka. Umbo lake ni kama shingo kati ya vilima viwili, ambapo ukitazama huku panainuka na huku panainama. Mkunjo mmoja ni chanya, mwingine hasi, jumla inakaribia sifuri. Kwa kanuni ya Germain, bati lisingejisikia limekunjwa. Lakini mmelisikia, hezi 85. Nguvu inayolirudisha imejificha kwenye kingo na pembe, na hesabu sahihi ya kingo ilikuja mwaka 1850 kwa Gustav Kirchhoff. Mlinganyo wa ndani ya bati ulibaki. Ni haki wanafunzi walione pengo hilo, kwa bati lao wenyewe.

Kipindi cha pili: namba tasa

Hapa vifaa ni ubao na chaki. Namba tasa p huitwa ya Germain kama 2p + 1 nayo ni tasa. Waache watafute zote chini ya 100. Ni kumi: 2, 3, 5, 11, 23, 29, 41, 53, 83 na 89. Wakishindwa watashindwa mahali pawili: 59 inatoa 119, ambayo ni 7 mara 17, na 71 inatoa 143, ambayo ni 11 mara 13. Zote zinaonekana tasa kwa jicho la haraka.

Kisha waulize zilizoanguka zina nini. Namba tasa inayoishia na 7 haifai kamwe, maana mara mbili kuongeza moja inaishia na 5. Inayobaki na 1 ukigawa kwa 3 haifai pia, kwa kuwa jibu linagawanyika kwa 3. Baada ya 5, ondoa hizo zote chini ya 100. Zinabaki tisa tu, na mbili kati yake ni zile 59 na 71.

Alizitumia kwenye tatizo la Fermat: kwamba kwa kipeo cha 3 na kuendelea, hakuna namba nzima tatu chanya ambapo mbili zikipandishwa na kujumlishwa zinalingana na ya tatu. Alionyesha kwamba kipeo kikiwa namba ya aina hii kuanzia 3, jibu lolote likiwepo lazima moja ya namba tatu igawanyike kwa kipeo hicho. Kwa namba tasa saidizi za aina nyingine, yaani zinazochukua nafasi ya 2p + 1, alifikisha hoja hiyo kwenye vipeo vyote tasa kuanzia 3 hadi chini ya 100. Wengi kabla yake walikuwa wakishughulika na kipeo kimoja kimoja. Legendre, mwanahisabati mwenzake wa Paris, aliitaja kazi hiyo kwenye tanbihi.

Maisha yenyewe, yakisimuliwa

Dakika 15 za mwisho zinatosha. Alizaliwa Paris tarehe 1 Aprili 1776, baba mfanyabiashara wa hariri. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza 1789 alifungiwa ndani, akasoma vitabu vya baba yake. Wazazi walimnyang'anya mishumaa na moto ili alale. Inasimuliwa kwamba wino uliganda kwenye kidau. Mwanafunzi aliyewahi kuona nyasi za Makete asubuhi ya Julai hahitaji maelezo.

Kosa la kawaida ni kusema alisoma École Polytechnique. Hakusoma, chuo kilifunguliwa 1794 kwa wanaume. Alipata madondoo ya mihadhara na kutuma kazi kwa jina la Antoine-Auguste Le Blanc. Lagrange alitaka kumwona mwanafunzi huyo hodari, ndipo akamjua. Kwa jina hilohilo alimwandikia Gauss, mwanahisabati wa Kijerumani, mwaka 1804. Majeshi ya Ufaransa yalipoingia Braunschweig, mji alikoishi Gauss, Germain alimwomba jenerali aliyefahamiana na familia yake amlinde Gauss, na kwa njia hiyo jina lake halisi likajulikana mwaka 1807.

Alifariki kwa saratani ya titi tarehe 27 Juni 1831. Cheti cha kifo kilimwandika mtu anayeishi kwa mapato ya mali. Mnara wa Eiffel ulipojengwa uliandikwa majina 72 ya wanasayansi, Lagrange, Legendre na Poisson wakiwemo. La Germain halikuwemo. Wape hilo bila kulipamba, wataanza kubishana wenyewe.

Kabla ya kufunga mlango, futa bati kwa kitambaa kikavu siku hiyohiyo, hasa kuzunguka bolti, kwa maana chumvi inakula chuma. Lifunge kwenye gazeti. Kingo usizipake mafuta hata kutu ikikutisha, pitisha msasa tu siku ya kutumia. Upinde ukishaonja mafuta, unarudi kwenye sabuni ya unga kuanza upya.